Namba Moja Haipo

Lebo yetu ya muziki inatimiza miaka hamsini Jumamosi, alisema mkurugenzi, mjukuu wa mwanzilishi, akanipa orodha ya tarehe kuu niihakiki. Katika mafundi wa mwanzo nimebaki peke yangu. Wananiita Babu Mitambo. Kila rekodi yetu ina namba yake, na mstari wa kwanza ulisema: "Namba mbili, santuri yetu ya kwanza."

"Babu, namba moja iko wapi?"

Niliulizwa hivyohivyo kwenye miaka kumi, na kwenye ishirini na mitano. Kila mara nilijibu kwamba mwanzilishi aliamini moja ina nuksi. Watu hucheka, yanaisha. Safari hii ulimi ulikuwa mzito. Nikamwambia asubiri kesho, nikapanda basi kwenda kwa dada yangu.

Namba moja aliiimba dada, akiwa na miaka ishirini. Tulikuwa na kanda mbili tu, na moja ilikuwa imekatika. Wiki iliyofuata ikaja bendi yenye jina, nami nikairudisha kanda ya dada mwanzo, nikarekodi juu yake; ndiyo ikawa namba mbili. Sikuamriwa na mtu. Nilitaka mwanzilishi anione wa maana, basi. Dada alipouliza, nikamwambia kanda imepotelea stoo, naitafuta, asiwe na haraka. Jamani, nilijifanya natafuta kitu nilichokifuta kwa kidole changu mwenyewe.

Nilimkuta akikunja nguo. Tukaongea magoti, tukaongea mvua, tukarudi kwenye magoti. Mwishowe nikapiga moyo konde.

"Dada, ile kanda haikupotea."

"Najua." Hakuinua macho. "Ulirekodi bendi juu yake."

"Nani kakwambia?"

"Santuri yenyewe. Kabla ya gitaa kuna mtu anavuta pumzi. Mwimbaji wao anaingia baada ya dakika nzima, sasa avute pumzi ya nini? Ni mimi yule. Nilikuwa naogopa."

Ni kweli, mkono wangu ulichelewa kidogo kubonyeza kitufe cha kurekodi, mwanzo wa kanda yake ukabaki. Pumzi ile nimeisikia mara elfu, na sijawahi kutaka kujua ni ya nani.

"Mbona hukusema?"

"Niligundua redio ilipoipiga, ikitangaza miaka kumi yenu. Nilikuwa na watoto wanne, na sauti imeshakwenda. Nikasema, kosa ni lake, atasema mwenyewe." Akaweka shati juu ya mengine. "Uliniumiza sana, mdogo wangu. Unakuja hapa, unakula, unanitazama usoni."

Nikaomba msamaha vibaya vibaya, kwa maneno yaliyokanyagana.

"Jumamosi nitakuja," akasema. "Nikisikia habari za nuksi, nitasimama mimi."

Kesho yake nilimweleza mkurugenzi yote, akasita. Hii ni sherehe, Babu, alisema, tusiitie doa. Nikamwambia aandike, la sivyo nitaandika mwenyewe, na mwandiko wangu anaujua ulivyo mbaya. Akaandika.

Jumamosi nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikasoma: namba moja iliimbwa na dada yangu, nami nikaifuta. Watu hawakujua wapige makofi au wanyamaze. Nikarudi kuketi kando ya dada. Nikadhani yamekwisha.

"Mwanzilishi alikuwa ameniachia hiyo namba," akasema. "Ungeniambia wiki ileile, ningerudi nikaimba upya."