Sahani ya Lamar

Mgahawani kwake, Inez aliweka sahani mbili kwenye meza ya dirishani kama alivyozoea, kisha akasimama akiitazama ile ya pili. Aliinyanyua, akaifuta kwa aproni ingawa ilikuwa safi, akarudi nayo jikoni. Odell Crenshaw akajifanya anakoroga kahawa.

Ilikuwa siku ya usajili wa wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa vyuo. Kote Alabama, vijana wa sekondari walikuwa wamekaa mbele ya meza zilizopangwa kofia za vyuo, kila mmoja akichagua ya kuvaa, na mama zao wakilia. Redio ya Inez iliyokaa juu ya jokofu ilikuwa ikitaja majina yao. Katika mji wa Pell Creek, siku hii ya Februari iliheshimiwa karibu sawa na Pasaka. Mtu alikuwa wa chuo cha Braddock au cha Sumrall, na hakukuwa na benchi la katikati.

Odell alikuwa wa Braddock, rangi ya damu ya mzee. Lamar Tuttle, mtani wake tangu enzi walipokuwa vijana wanaopanda nguzo za umeme pamoja, alikuwa wa Sumrall, kijani kama chura. Siku ya usajili walikuwa na kanuni yao. Mmoja alikula, mwingine akiwasema vibaya wachezaji wapya wa timu ya yule anayekula. Mlaji hakuruhusiwa kujibu hadi sahani iwe tupu: skonzi mbili zilizomwagiwa mchuzi mweupe wa soseji, na uji mzito wa mahindi pembeni. Kisha zamu ikageuka.

Kwa Lamar, mwenye ulimi usiojua kupumzika, kanuni hiyo ilikuwa adhabu. Alibugia uji ukiwa wa moto, machozi yakamtoka, akapiga meza kwa kijiko, ili mradi amalize apate kusema. "Kocha wenu hasajili, Odell, anaokota!" alikuwa akifoka, mchuzi ungali kidevuni. Odell aliyakumbuka hayo yote kwa mpangilio wake: soksi zilizolowa mvua zikikauka kando ya hita, Inez akiwa bado msichana mwenye nywele nyekundu, na Lamar akipuliza kijiko kama anayepuliza moto.

Mwaka jana tu mambo yalikwenda vingine. Lamar alibakiza kipande cha skonzi katikati ya sahani, akakiacha hapo asubuhi nzima, akakunja mikono. Odell aliwasema wachezaji wote wa Sumrall, akawarudia, akaingia kwa kocha na kwa tarumbeta za bendi. Ilipofika saa ya chakula cha mchana Inez akaiondoa sahani mwenyewe. Majira yote ya kuchipua Odell alijigamba mjini kwamba hatimaye amemfunga Lamar mdomo.

Mwezi wa Novemba Lamar akafariki. Kanisani Odell aliombwa aseme machache, naye akasema kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, mcha Mungu na jirani mwaminifu. Yote yalikuwa kweli. Hata hivyo alishuka madhabahuni akihisi kwamba amemsindikiza mtu mwingine, na kwamba Lamar bado yuko mahali fulani, anangoja aagwe.

Asubuhi hii alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akamwomba Mungu ampe sababu ya kubaki nyumbani. Mungu hakumpa.

"Mlinzi wa mstari wa mbele kutoka Dunmore," redio ilisema, "amechagua Sumrall!"

Roscoe, kinyozi aliyekaa meza ya pili, alikohoa. "Kijana mzuri huyo," alisema kwa upole.

"Mzuri, naam," Odell akajibu.

Maneno hayo yalimchoma. Ndani ya mgahawa ule mtu wa Braddock hakuwa amepata kumsifu mchezaji wa Sumrall. Odell aliona kwamba kwa heshima yao hii wanamzika Lamar mara ya pili, na safari hii bila hata nyimbo. Aliinuka kuchukua koti lake.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Nadine, mjane wa Lamar, amevaa kofia ya kijani ya mumewe. Ilikuwa kubwa kwake, imekalia masikio. Alikwenda moja kwa moja hadi meza ya dirishani, akaketi kwenye kiti cha Lamar.

"Inez, niletee sahani yake."

"Bi Nadine, mpenzi, una hakika?"

"Nina njaa. Na wewe shemeji, koti unalipeleka wapi? Kaa."

Odell akakaa. Sahani ikaja, ikifuka moshi. Nadine akafumba macho, akaomba baraka, akashika uma.

"Haya. Mimi nakula. Semeni."

Roscoe alitazama viatu vyake.

"Shemeji, haifai," Odell alisema. "Wewe una msiba."

"Ndiyo maana nimekuja. Kanisani ulimsema Lamar kama mtu uliyekutana naye stendi. Nilikaa pale mbele nikangoja, nikasema sasa hivi Odell atamtania, sasa hivi. Ukashuka." Sauti yake ilitikisika kidogo. "Kama hata leo huwezi, basi nikitoka hapa sirudi tena, Odell. Kofia hii nitaitia kabatini."

Odell alitazama mikono yake, iliyoungua jua kwa miaka mingi juu ya nguzo. Ndani ya moyo aliomba ombi fupi lisilokuwa hata na amina.

"Yule wa Dunmore," alianza. Akanywa kahawa. "Yule wa Dunmore ni mzito hata kivuli chake kinafika kesho yake."

Nadine akatafuna. Jicho lake moja likasinyaa.

"Endelea."

"Na yule mrusha mpira wenu mpya, akitupa kofia chini anaikosa sakafu."

Roscoe akaguna. "Sema naye, mzee!"

"Na mkimbiaji! Nimeona msafara wa mazishi ukienda kasi kuliko..."

Neno lilikuwa limeshatoka. Roscoe alijifunika uso, na Inez akasimama na birika mkononi.

Nadine aliweka uma chini taratibu. "Wa Lamar ulikwenda kasi," alisema. "Dereva alikuwa wa Braddock. Alikuwa anawahi mechi."

Kicheko kikaanzia kwa Inez, kikamwagika hadi jikoni. "Amejibu na sahani haijaisha!" Roscoe alipiga kelele. "Kanuni imevunjwa! Faulo!" Odell alicheka hadi akalazimika kushika meza, na alipofuta macho hakujua ni wakati gani kicheko kiligeuka kuwa kitu kingine. Hakuna aliyemkazia macho.

Baada ya hapo hakuzuilika. Alimsema mpiga mateke, akamsema na mjomba wake. Nadine alikula polepole, tonge kwa tonge, mpaka kikabaki kipande kimoja cha skonzi.

"Malizia basi, shemeji, upate kujibu. Lamar saa hizi angekuwa amelamba sahani."

"Mwaka jana alilamba?"

Odell akaweka kikombe chini.

"Daktari alikuwa ameshamwambia, Januari, kwamba hatapona," Nadine alisema, sasa kwa sauti ya wao wawili tu. "Alirudi nyumbani siku ile, akakaa jikoni na buti zake akicheka peke yake. Nikamwuliza, umemjibu nini Odell? Akasema, sikumjibu. Leo nilitaka kumsikiliza tu."

Nje, gari lenye bendera ya kijani lilipita likipiga honi. Odell alikitazama kile kipande. Mchuzi ulikuwa umeanza kuganda pembeni yake.

Redio ikataja jina jingine, kijana wa Sumrall. Nadine aliisogeza sahani kando kwa kidole kimoja, akakunja mikono, kofia ikimshukia hadi kwenye nyusi.

"Na huyu?" aliuliza.

Odell akavuta kiti chake karibu na meza.