Mguno wa Ukutani

Kila mara mjane alipokanyaga cherehani, ukuta uliguna. Akiacha, unanyamaza. Akianza tena, unaguna, kama mgonjwa wa kifua aliyechoshwa na kelele.

Alijua ni nani. Ukuta ule aliujenga marehemu mumewe, kwa mabonge ya tope aliyoyachimba kwenye bwawa lililokauka, na hakumaliza wiki mbili baada ya kuukamilisha. Siku ile ya mwisho alimwomba mkewe aache kushona, kichwa kinamuuma. Mke akamwambia avumilie, sare za watu zimebaki mbili. Alipoinuka kwenye cherehani, mwenzake alikuwa ameshakata roho.

Miezi saba alisali, akaomba radhi, na ukuta ukazidi kuguna. Wifi yake alipokuja akausikia kwa masikio yake mwenyewe, akakata shauri kwamba Jumamosi wanafunga mizigo na nyumba inapigwa kufuli.

"Kaka hajatulia, wifi. Na wewe hutulii."

Mjane akasema hatoki pale bila kujua kama amesamehewa. Afadhali ukuta utobolewe, kama kuna jambo, Mungu alionyeshe.

Fundi akaitwa. Alitindua taratibu mpaka bonge moja likatoka zima, akalipasua. Ndani alikuwamo samaki aliyejikunja, mkia umemfunika macho, amefungwa kwenye ganda jembamba kama karatasi ya kaki, lenye kitundu kimoja tu penye mdomo.

Fundi akacheka. Kamongo huyo, alisema; maji yakikauka hujichimbia topeni, ute wake ukamkaukia mwilini, akalala akivuta hewa kwa mapafu kama mtu na kujila minofu yake mwenyewe, hata mwaka mzima, akingoja mvua. Ukimtikisa, huguna.

"Mzee alikujengea na mpangaji humu, mama. Na wewe na cherehani yako hukumpa usingizi."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Jioni hiyohiyo akaaga, moyo mweupe, na fundi akaondoka na samaki kwenye ndoo, akamtie mtoni.

Mjane akabaki na tundu la ukutani. Akaketi, akakanyaga cherehani. Kimya. Akakanyaga kwa nguvu, kitambaa kikajikunja chini ya sindano, uzi ukakatika, naye akaendelea kukanyaga. Kimya.

Akainuka, akaweka mdomo penye tundu.

"Basi niambie niache," alisema. "Safari hii nitaacha."