Wiki Tatu za Mlenda

Dafrosa alikuwa na kilo mia na nne na hakumwomba mtu msamaha kwa hata moja. Alikaanga chipsi Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora, na alikula alichouza, kwa kuwa mpishi asiyekula chakula chake, alisema, ana lake jambo.

Januari alifika kibandani Daktari Sheima na mkoba wa sindano, binti wa mjini aliyekuwa akifanya utafiti. Alitafuta ndugu wa tumbo moja, mmoja anayeishi mjini na mwingine kijijini.

"Shikamoo, mama. Nataka kujua kwa nini..."

"Marahaba. Unataka kujua kwa nini mimi ni mnene. Ungeuliza tu, usihangaike na sindano. Ninakula."

Sheima alicheka, kisha akaeleza. Tumbo na utumbo vina homoni zake: moja hutangaza njaa, nyingine huupelekea ubongo habari kwamba sasa yatosha. Alishuku kwamba mafuta na sukari za kila siku huichelewesha hiyo ya pili, mtu akazidisha, na mwili ukaweka ziada kama mafuta. Alimwomba Dafrosa abadilishane nyumba na chakula na dada yake Levina, mkulima wa Kwihara, kwa wiki tatu. Damu ingepimwa mwanzo na mwisho.

Dafrosa alikubali haraka. Levina alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na kwenye harusi ya binamu yao alimwambia mbele ya ukoo mzima apunguze. Dafrosa alitaka kumwona akinenepa.

Kwihara alipokelewa na Nikolaus mume wa Levina, ugali wa mtama, mboga ya utelezi iitwayo mlenda, na maharage. Mchana kulikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo vilimchosha taya. Wiki ile ya kwanza tumbo lake liliandamana. Jioni moja Nikolaus alikuwa akibariki chakula, tumbo likaitikia kwa sauti na harufu kabla hajafika kwenye amina.

"Shemeji," alisema Nikolaus kwa heshima zote, "kesho tutasali nje."

Siku ya sita Dafrosa alipanda bodaboda kurudi Itetemia. Alimkuta Levina amekalia kiti chake, kavaa aproni yake, anakula chipsi mayai na soda pembeni. Dafrosa alinyoosha mkono kwenye sahani. Levina akaupiga kofi.

"Daktari amekataza."

"Dada, nitakufa."

"Huwezi kufa kwa mlenda. Mimi nimepalilia miaka thelathini nikiula, niache na mimi nishibe."

"Kwani umeshiba?"

Levina aliitazama sahani.

"Hapana," alisema. "Ndiyo ya pili hii na bado macho yananitoka. Nyumbani bakuli moja la mtama hunifikisha jua linapozama."

Dafrosa alirudi Kwihara kwa miguu, akiwatukana dada yake, daktari na mtama, kwa zamu.

Wiki ya tatu akapata hofu. Alikuwa anakula, na katikati ya bakuli mkono ukasimama. Chakula kilikuwepo, naye hakukitaka. Alijigusa paji la uso, akamwita Nikolaus.

"Shemeji, nipeleke zahanati. Kuna kitu kimenipata."

Nikolaus aliangalia bakuli, akamwangalia yeye. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Sitaki kula."

"Hiyo inaitwa shibe, shemeji. Lete nimalizie."

Siku ya majibu dada wote wawili walikaa mbele ya Sheima. Dafrosa alikuwa amepungua kilo nne, na homoni ya shibe ilipanda mapema baada ya kula. Levina ameongezeka tano. Mafuta ya damu yake yamepanda, na homoni ya njaa haikushuka hata baada ya mlo mzima. Dafrosa alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu, lakini alipomwona dada yake akijivuta gauni lililombana tumboni, furaha ilimtoka.

"Nirudi nyumbani?" Levina aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetumaini kukataliwa.

"Rudi, mama," alisema Sheima.

Alirudi. Mwezi mzima alimnunia Nikolaus kwa ajili ya chipsi ambazo maskini hakuwahi kuzionja. Dafrosa naye alirudi kwenye karai lake, na kwa majuma machache alibakiza nusu sahani, akijishangaa. Ilipofika Pasaka kilo mbili zilikuwa zimerejea. Sasa akijikuta amekwangua sahani bila kujua imeisha saa ngapi, hufunga kibanda siku nne, anakwenda kwa dada yake kupalilia na kula mlenda. Wanagombana tangu asubuhi. Nikolaus huwaacha humo ndani na kwenda kusali nje.