Ajuza na Namba Nne

"Abee!" Ajuza aliitika, chanuo mdomoni na kichwa cha mteja mikononi.

Mwanamke aliyesimama mlangoni mwa saluni alishikwa na aibu. "Samahani dada, namwita mwanangu."

Kutoka chini ya sinki kakatambaa katoto ka kike, kameshika rola za nywele, kakamkimbilia mama yake. Wateja waliangua kicheko, na Ajuza akawashinda wote kwa kucheka. Katika utoto wake wote hakuwahi kukutana na mtu mwingine aliye hai mwenye jina lake la kuzaliwa.

Jina hilo alipewa na baba yake, ambaye hakutaka jina la mama yake mzazi lizikwe pamoja na mwenyewe. Nia ilikuwa njema, ila jina lenyewe lilikuwa limeshapitwa na wakati. Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliita majina, na alipofika kwake darasa zima lilivunjika mbavu. Kabla ya mapumziko alishakuwa Ajuza. Alilia mwaka mzima, kisha akachoka kulia. Siku moja mtoto wa darasa la juu alipompigia kelele, "Ajuza we!" aligeuka shingo imenyooka, akamjibu, "Naam, mjukuu wangu, umekula?" Tangu hapo utani ukapoa, lakini lakabu ikabaki. Alipofungua saluni yake aliiandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: AJUZA. Hakuna mteja aliyewahi kupotea njia.

Mdogo wake alikuja duniani wakati mwingine kabisa. Mwaka huo kulikuwa na tamthilia iliyokuwa ikiwaliza watu kila jioni, na nusu ya watoto wa kike waliozaliwa walibeba jina la yule dada wa kwenye runinga. Mama yao naye hakubaki nyuma. Matokeo yake, darasani walijaa wenye jina hilo hadi mwalimu akaamua kuwapa namba. Mdogo wake Ajuza akawa Namba Nne. Aligombezwa kwa makelele ya Namba Mbili, akapongezwa kwa insha ya Namba Moja. Hakuna aliyemcheka. Ila hata akiitwa, hakuwa na uhakika kama anaitwa yeye.

Sasa Namba Nne alikuwa na duka lake la dawa, mume mpole na tumbo lililofika kileleni. Picha za hospitali zilikwishasema ni msichana. Siku hiyo alikuja kusukwa, akajiegemeza kitini na kusema kama anayeomba maji ya kunywa:

"Dada, mtoto nataka kumpa jina lako."

Mikono ya Ajuza ikasimama. "Jina langu?"

"Si unalisikia kila mahali siku hizi? Ni tamu, fupi, lina asili. Kila mtu analitaka."

"Kila mtu." Ajuza alivuta pumzi. "Nilipokuwa nachekwa nalo, nani aliniomba nisipite karibu na darasa lake, wenzake wasijue sisi ni ndugu?"

Namba Nne aliangalia magoti yake. "Nilikuwa mtoto, dada."

"Na mimi nilikuwa mtoto."

Dada wa pembeni aliyekuwa akikausha nywele akazima mashine ili asikie vizuri. Ajuza akamtupia jicho, mashine ikawaka tena. Kisha akaendelea kusuka, kwa mkono uleule mwepesi, maana hasira hakuwa akizimalizia kwenye kichwa cha mtu.

"Jina ni la bibi, si mali yangu," alisema mwishowe. "Ukilitaka, chukua. Ila Jumamosi njoo ukae hapa mpaka tufunge. Ukiondoka bado unalitaka, sitasema neno."

Jumamosi saluni hujaa akina mama na watoto wao. Namba Nne aliwekewa kiti karibu na kioo, miguu juu ya kigoda. Haikuchukua muda mama mmoja akaita lile jina, na watoto watatu wakainua vichwa kwa pamoja.

"Si nyie. Huyu wa gauni la njano," mama akasema. "Hapana, si wewe, huyo mwingine wa njano."

Yule aliyekwisha kuinuka akarudi kukaa taratibu. Akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Namba Nne alimtazama muda mrefu, mkono juu ya tumbo. Sura ile aliijua. Alikuwa ameivaa miaka yote ya shule.

"Basi," alisema kwa sauti ya chini. "Sitaki. Lakini nitampa lipi sasa?"

"Lako," Ajuza akasema bila kugeuka.

"Langu? Limekufa hilo! Mara ya mwisho umesikia kichanga kinaitwa hivyo ni lini?"

"Ndiyo nasema. Atakuwa peke yake darasani."

"Watamcheka."

"Watamcheka sana," Ajuza alikubali. "Kisha atawajibu. Kujibu nitamfundisha mimi mwenyewe. Hiyo kazi naijua kuliko kusuka."

Namba Nne alicheka mpaka akashika mgongo, na kwa mara ya kwanza, mbele ya wateja wote, akamshika dada yake mkono na kumwomba radhi kwa yale ya shuleni. Ajuza aliupokea mkono ule, akaubana kidogo, akamwambia asimlizie wateja.

Mtoto alizaliwa asubuhi yenye jua, mzito, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Ajuza alimbeba kwanza, kabla hata ya bibi yake, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Nje ya wodi, shemeji alitembea huku na huko na simu sikioni, akiwapasha ndugu habari.

"Ndiyo, mama, hilohilo. La kwenye tamthilia ile, ndiyo. Hapana, sikutanii."

Kwa shangazi alieleza kidogo. Alipompigia mjomba hakueleza tena. Alisimama katikati ya korido, akanyoosha mgongo, akalitamka jina la binti yake kwa sauti kubwa, herufi kwa herufi.