Jicho la Wifi

Niseme mapema: kwa vitenge, Kariakoo nzima hakuna wa kunifundisha. Mteja akianza tu kueleza, "kile cha maua hivi, wifi yangu alivaa kwenye kipaimara," mimi nimeshakishika mkononi. Ndiyo maana Mzee Abdulkadiri, tajiri yetu, alipokodi duka la pili Mchafukoge, nilijua msimamizi ni mimi. Nani mwingine?

Siku moja nilishinda huko Mchafukoge nikiwabana mafundi wa shelfu. Huku nyuma mteja wangu wa Tunduru, Bi Sabaha, akapiga simu dukani Kariakoo. Anataka Jicho la Wifi, sare ya harusi ya binti yake. Ridhiwani, muuzaji mwenzangu, akafunga mzigo haraka, akaupakia kwenye basi.

Sasa elewa mambo yetu. Kitenge hakiji na jina. Jina anakipa muuzaji, na kila muuzaji ana yake. Mteja akishazoea majina yako atakung'ang'ania wewe tu, na ndivyo tunavyotaka. Jicho la Wifi langu ni jekundu, lina duara za dhahabu. Ridhiwani naye ana Jicho la Wifi lake, jeusi tii.

Bi Sabaha alipopiga tena, sauti yake ilisikika mpaka barazani. "Mmenitumia nguo za msiba? Harusi Jumamosi!"

Jekundu liliwahi, lakini kwa mbinde. Mzee akaniita.

"Fortunata, umetoka siku moja tu, tumeaibika. Wewe huondoki hapa. Mchafukoge nitampeleka Ridhiwani."

Nilichemka. Yaani aliyeharibu apewe duka, mimi ninayejua nibaki hapa kwa sababu najua! Lakini sikulia.

"Mzee, nipe mwezi huu. Ukiisha na bado mnanihitaji hapa, mpeleke yeye."

Kesho yake, kabla wateja hawajaingia, tukashusha majora yote. Kitenge kimoja, jina moja, la duka zima. Tulibishana mpaka jirani akaja kuamua ugomvi.

"Dada, jicho la wifi limekuwa jekundu lini?" Ridhiwani alisema. "La wifi jeusi bwana, linakuchunguza!"

Wote wakacheka, wakampa. Jina nililolibuni mwenyewe likaenda kwa jeusi, langu likaitwa Pete. Tukapiga picha, tukaandika majina, tukawarushia wateja wote. Na yale niliyokuwa nayo kichwani nikayatoa pia: kipi kinachuja, kipi watu wa Tunduru hawakigusi hata ukiwapa bure. Kila neno lilinitoka kwa shida.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Bi Sabaha akapiga simu. Ridhiwani akapokea, akaweka spika.

"Nataka Pete, mwanangu. Ila ile isiyochuja."

"Zote hazichuji, mama. Ipo na ya kijani, nikuwekee?"

Wakaongea, wakacheka, wakamalizana. Hakuniulizia. Mteja wangu wa miaka yote, hata salamu! Iliniuma, nikajifanya nakunja jora.

Mzee alikuwa amesimama pale pale, amesikia yote.

"Fortunata," akasema, "hapa hatukuhitaji tena."

Anifa, keshia wetu, akaziba mdomo kwa mikono miwili, masikini, akidhani nimefukuzwa. Mimi nilikuwa nimeshachukua mkoba, nimenyoosha kiganja.

"Funguo, mzee."