Radhi kwa Kipaza Sauti

Jumanne, tarehe 14 Machi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mvua ya rasharasha ikigonga mabati, Kiranja alikuwa amekwisha kusimama wima saa nzima kando ya benchi la zahanati. Jina hilo alipewa shule ya bweni, akakagua nalo shule za watu miaka thelathini, akastaafu nalo. Nafasi ya kukaa ilikuwepo. Hakukaa kwa sababu alikuwa na bawasiri, na jambo hilo lilijulikana kwake na kwa kadi yake tu.

"Keti, mkwe," alisema mama mkwe wa binti yake kwa mara ya tatu. Yeye alikuwa amestarehe juu ya mto aliokuja nao kutoka nyumbani. "Utaota mizizi hapo."

"Nimezoea, mama. Shuleni tulisimama gwaride saa mbili bila kupepesa macho."

"Ama kweli, binti yetu katoka kwenye nidhamu!"

Kiranja akajisikia amerefuka kidogo. Mbele ya wakwe hakuwa na mali nyingine ya kuringia isipokuwa heshima yake.

Ndipo karani wa mapokezi alipookota kadi na kuwasha kipaza sauti.

"Bawasiri! Mwenye bawasiri, chumba namba mbili!"

Hakuinuka mtu.

"Jamani, bawasiri, usione haya! Daktari hali mtu!"

Watu wakaanza kuchunguzana. Macho yakapita benchi zima, mmoja mmoja, kisha yote yakatua kwa mtu pekee aliyekuwa amesimama.

Kiranja alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ilipokataa, alipiga moyo konde, akaenda dirishani kwa hatua fupi fupi na kuonyesha bango la haki za wagonjwa lililotundikwa juu ya kichwa cha karani.

"Haki ya nne: siri ya mgonjwa itunzwe. Binti, unajua kusoma?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimesoma kadi yako."

Aliitwa muuguzi mkuu, mama mmoja mwenye sare iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haki ni yako, mzee. Tumekukosea. Twende ofisini nikuombe radhi."

"Ofisini? Nivuliwe nguo barazani, nivalishwe chumbani? Mmenitangaza hadharani, mniombe radhi hadharani."

"Una hakika?"

"Kanuni ni kanuni."

Muuguzi mkuu akarekebisha kofia, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wagonjwa, zahanati inamwomba radhi mzee huyu mwenye koti la kijivu, kwa kutangaza kwamba ana bawasiri. Kwamba ana bawasiri, na kwamba hata kukaa hawezi, ni siri yake na daktari wake. Aliyesikia asimwambie mtu. Ahsanteni."

Watu wawili waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia, wakikung'uta miavuli, waliuliza nani ana nini. Walijibiwa na watu sita.

Kiranja alirudi kwenye benchi akitazama viatu vyake. Mama mkwe wa binti yake akainuka taratibu, akaokota mto wake na kumsogezea. Ulikuwa na tundu katikati.

"Chukua," alinong'ona, kwa sauti ndogo hata ikambidi Kiranja ainame, na kuinama kuliuma. "Mwaka wa pili huu sitoki bila huo. Nami nikidhani unasimama kwa nidhamu!"

"Nidhamu nayo ipo, mama."

"Ipo, ipo. Kalia."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, akakaa, akashusha pumzi.

Mara muuguzi mkuu akawa mbele yake, kipaza sauti mkononi, taa yake nyekundu ikiwaka.

"Mzee, nimegundua tumekosea tena. Una radhi ya pili unayotudai. Niitangaze sasa hivi?"

Kiranja akanyoosha mkono, akakizima kipaza sauti yeye mwenyewe.

"Deni hilo nimelifuta, sista. Msinilipe."