Tundu la Nne

"Tundu la nne lina mafuta tena," mfanya usafi alijisemea, akafuta. Wageni wa ukumbi wa maonyesho walikuwa wakibandika mapaji ya nyuso kwenye ukuta mweupe uliotobolewa matundu, hasa wanaume, utadhani wanachungulia bafu la jirani. Walichokuta ndani ya kila tundu ni macho ya mwanamke, yamerekodiwa kwenye video, yanawatazama wao. Wengi waliruka nyuma. Hapo yeye alicheka chinichini na kuendelea na kitambaa chake.

Macho ya tundu la nne yalikuwa yake. Msanii, binti mmoja mpole, alimkalisha mbele ya kamera akamwambia, "Dada, iangalie kama unavyomwangalia mwanamume wa nyumbani kwako, akiwa hakuoni." Ni macho tu, akaahidi, hata mama yako hatakujua. Alikubali kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwomba aangalie kitu. Tangu siku hiyo akaishi roho mkononi. Mumewe alishamvunja jino kwa picha moja tu ya harusini, aliyotokea akicheka.

Saa tano asubuhi mume huyo akatokea mlangoni.

"Mama watoto, nipe ufunguo wa nyumba. Wangu sijui nimeuacha wapi."

Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba, mkoba chumba cha mifagio. Alikwenda mbio, akarudi mbio, na bado alichelewa. Mumewe alikuwa ameshainama kwenye tundu la kwanza.

"Sasa hii nayo ni kazi?" alicheka. Akaenda la pili, la tatu. Kwenye la nne akakawia. Mkewe aliubana ufunguo mpaka ukamuuma kiganja.

"Njoo uone," mume akaita, bila kubandua uso. "Huyu ana hofu, masikini. Tena si hofu tu, ana chuki. Huyo anayeishi naye ni mnyama, nakwambia."

Hakumjua. Miaka kumi na tisa kitanda kimoja, na hakumjua. Ilikuwa ashukuru, badala yake aliona uchungu.

"Ni mnyama kweli, baba watoto," alisema.

Mume akageuka akitabasamu, mkono ameunyoosha apokee ufunguo. Siku zote mkewe humpa kitu akiwa ameinamisha kichwa. Leo alisahau, akamtazama machoni. Tabasamu la mume likakaa kidogo, halafu likaanza kuondoka. Ufunguo hakuuchukua. Aliurudia ukuta, polepole, akainama kwenye tundu la nne.